Neno "case" la Kiingereza: mwongozo kamili wa kulielewa na kulitumia

Niliwahi kuandika ubaoni sentensi hii fupi mbele ya darasa la watu wazima: "The lawyer lost her case." Karibu wote walijibu kwa pamoja kwamba wakili ameshindwa kesi. Walikuwa sahihi. Nikaongeza maneno matatu tu mwishoni: "at the airport." Darasa likanyamaza. Sasa wakili hajashindwa kesi yoyote. Amepoteza mkoba wake uwanja wa ndege.

Hakuna herufi iliyobadilika katika "case" wala katika "lost". Kilichobadilika ni majirani wa neno, na hapo ndipo pa kutazama kila unapokutana nalo. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna kikwazo chetu wenyewe: tulishalichukua neno hili tukaliita "kesi", na tulipolichukua tulibeba maana moja tu, ile ya mahakamani, kisha tukaipanua kidogo mpaka kwenye ugomvi wa kawaida. Kwa hiyo jicho likiona "case", akili inakimbilia kwa hakimu. Mara nyingi hakimu hayupo.

Hatua ya kwanza: jua kwamba haya ni maneno mawili

Fungua kamusi nzuri ya Kiingereza na utaona "case" imeingizwa mara mbili, kila moja na namba yake ndogo. Si neno moja lenye maana nyingi. Ni maneno mawili yenye asili tofauti ambayo yalipitia Kifaransa cha kale na kuishia kufanana kwa tahajia na matamshi.

La kwanza linatokana na "casus" ya Kilatini, yaani anguko, kutoka kitenzi "cadere", kuanguka. Kilichoanguka ni kilichotokea. Hili halipaswi kumshangaza msemaji wa Kiswahili, kwani nasi husema msiba umemwangukia fulani, au bahati imemwangukia. Katika ukoo huo wa kuanguka wamo pia "accident", "incident", "occasion" na "chance", yote yakihusu mambo yanayotokea. Ukikumbuka ukoo huu, utaelewa kwa nini "case" huweza kuwa tukio, hali, mgonjwa, shauri na mfano. Kila kimoja kati ya hivyo ni jambo lililotokea.

La pili linatokana na "capsa", sanduku, kutoka kitenzi "capere", kushika. Ndugu zake ni "capsule", "cash" na "cassette". Hata "kasha" letu ni jamaa wa ukoo huu: lilitufikia kutoka "caixa" ya Wareno, nayo ikatokana na "capsa" hiyohiyo. Maana yake ni kwamba Kiswahili kina neno kutoka kila upande. Kesi ni ya anguko, na kasha ni la sanduku. Ukizishika hizo mbili umeshika mlango wa kuingilia.

Basi swali la kwanza la kujiuliza ni hili: kitu kinachotajwa kinashikika kwa mkono? Kinaweza kufunguliwa, kufungwa, kubebwa, kujazwa? Ikiwa ndiyo, uko kwenye sanduku. Ikiwa hapana, uko kwenye anguko, na huko ndiko kwenye kazi kubwa.

Hatua ya pili: maliza upande wa sanduku

Upande huu ni mwepesi. "Case" hapa ni chochote kinachofunika au kuhifadhi kingine, na Kiswahili hutumia jina la kitu chenyewe. "Suitcase" ni sanduku la nguo. "Pillowcase" ni foronya. "Bookcase" ni kabati la vitabu. "Phone case" ni kava ya simu. "Glasses case" ni kifuko cha miwani, na "cartridge case" ni ganda la risasi. "Staircase" ni ngazi pamoja na nafasi yake yote ndani ya jengo. Usitafute neno moja la kutafsiri zote. Halipo, na kulitafuta ndiko kunakozaa tafsiri za ajabu.

Kuna matumizi ya kibiashara pia: "a case of wine" ni katoni ya mvinyo, kwa kawaida chupa 12 za mililita 750, ndiyo maana wafanyabiashara wa mvinyo huhesabu katoni moja kuwa lita 9.

Mawili kati ya maneno ya upande huu nayapenda kuliko mengine. La kwanza ni "upper case" na "lower case", yaani herufi kubwa na herufi ndogo. Enzi za kupanga chapa kwa mkono, mpangaji alisimama mbele ya trei mbili za mbao zilizogawanywa vyumba vidogovidogo, kila chumba na herufi yake ya madini ya risasi. Trei ya juu ilikuwa na herufi kubwa, ya chini ilikuwa na herufi ndogo ambazo mkono ulizifuata mara nyingi zaidi. Trei hizo ziliitwa "case". Leo hazipo, lakini jina limebaki hadi kwenye kompyuta: ukiambiwa nenosiri ni "case sensitive", unaambiwa kwamba mashine inatofautisha A kubwa na a ndogo, kwa hiyo andika vilevile ulivyoandika mwanzo.

La pili ni "briefcase". "Brief" ni muhtasari wa shauri anaokabidhiwa wakili, na mkoba wa kubebea nyaraka hizo ukapewa jina lake. Ndani ya neno hilo moja "case" ni mkoba, na kilichomo mkobani ni "case" ya mahakamani.

Hatua ya tatu: upande wa anguko, na neno "kisa"

Ningeshauri uanze na neno "kisa" kabla ya "kesi". Kisa ni jambo lililotokea na lenye habari yake, na hicho ndicho kiini cha "case". Vyombo vya habari vyetu vimelikubali muda mrefu: visa vya kipindupindu, visa vya wizi. "A case of mistaken identity" ni kisa cha mtu kufananishwa. Neno linakaa bila kulazimishwa.

Katika tiba kuna jambo la kuangalia. "Three cases" huweza kuwa wagonjwa watatu au visa vitatu vya ugonjwa, na kwa kawaida hesabu ni ileile. Lakini mtu mmoja akiugua, akapona, kisha akaugua tena, takwimu zaweza kumhesabu mara mbili. Kwa hiyo katika ripoti za takwimu salama zaidi ni "visa", na katika mazungumzo ya daktari kuhusu watu walio mbele yake, "wagonjwa". "Index case" ni mgonjwa wa kwanza kutambuliwa katika mlipuko. "Case fatality rate" ni sehemu ya waliokufa kati ya waliothibitishwa kuugua, si kati ya watu wote nchini. Ukiacha tofauti hiyo, msomaji wako ataogopa kupita kiasi au hataogopa kabisa. Na "a bad case of flu" haihitaji nomino yoyote: ni mafua makali, basi.

Mahakamani ndiko "kesi" inakostahili, pamoja na "shauri" katika maandishi rasmi. Hata hapo neno lina sura tatu ambazo mwanafunzi lazima azitenganishe. Kwanza ni mwenendo wenyewe: "the case opened on Monday", kesi ilianza kusikilizwa Jumatatu. Pili ni hoja na ushahidi wa upande mmoja: "the prosecution's case was weak" haina maana kwamba kesi ilikuwa dhaifu, ina maana ushahidi wa upande wa mashtaka ulikuwa dhaifu. Upande wa pili, "the defence case", huenda ulikuwa na nguvu sana ndani ya kesi hiyohiyo. Tatu ni uamuzi uliobaki kama rejea. Wanasheria wa Kiingereza wakisema "case law" wanazungumzia sheria inayotokana na hukumu zilizopita.

Mfano maarufu ni Donoghue v Stevenson, uliotolewa uamuzi mwaka 1932 na House of Lords ya Uingereza, wakati huo mahakama ya juu kabisa. Mlalamikaji alisema alikunywa kinywaji cha tangawizi kutoka chupa isiyoonyesha ndani, kisha mabaki ya konokono aliyeoza yakatoka humo. Mahakama ikaweka kanuni kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hawakuuziana chochote moja kwa moja. Mwanasheria anapotamka "that case" akiirejelea leo, hazungumzii chupa wala konokono. Anazungumzia kanuni. Na ile "v" katikati ya majina, katika mashauri ya madai wanasheria wa Uingereza huitamka "and", jambo linalomchanganya kila anayelisikia mara ya kwanza.

Kutoka ile sura ya pili, ya hoja, kumezaliwa matumizi yasiyo na mahakama kabisa. "To make a case for" ni kujenga hoja ya kutetea jambo. "There is a strong case for waiting": kuna sababu nzito za kusubiri. Ukiona "for" au "against" baada ya "case", fikiria hoja. Ukiona "of", fikiria kisa. Tahadhari ni moja: "the case against him" ni mashtaka na ushahidi dhidi ya mtu, wakati "the case against smoking" ni hoja za kupinga uvutaji sigara. Tazama kilicho baada ya "against": mtu au jambo?

Hatua ya nne: "in case", mahali ambapo wengi huanguka

Hapa tukae, maana makosa ya hapa hubadilisha maana bila msomaji kugundua.

Linganisha hizi mbili:

"Take an umbrella if it rains."
"Take an umbrella in case it rains."

Ya kwanza inakuambia usubiri: mvua ikinyesha, chukua mwavuli. Ya pili inakuambia uuchukue sasa hivi, jua likiwa bado linawaka: chukua mwavuli, mvua isije ikakunyeshea. "If" ni sharti, "in case" ni tahadhari. Vitabu vingi huitafsiri "in case" kwa "endapo" au "ikiwa", na hivyo kuifanya iwe "if". Kiswahili kina chombo kinachofaa zaidi, nacho ni "-sije -ka-". "I'll write it down in case I forget": nitaandika nisije nikasahau. "Call him in case he is waiting": mpigie, asije akawa anasubiri. Jaribu kila "in case" kwa chombo hiki kwanza. Wamarekani wakati mwingine hutumia "in case" kwa maana ya "if", kwa hiyo soma muktadha, lakini wewe unapoandika, shika tofauti.

Kwa upande wa sarufi, baada ya "in case" usiweke "will" kwa jambo lijalo. Andika "in case it rains", kamwe si "in case it will rain". Na tahadhari ikiwa ya wakati uliopita, kitenzi nacho kinarudi nyuma: "I took a coat in case it got cold."

"Just in case" ikisimama peke yake mwishoni mwa sentensi, Kiswahili cha kila siku kina jibu: huwezi kujua. "I brought a torch, just in case." Nimekuja na tochi, huwezi kujua.

Sasa ongeza "of" na mambo yanageuka. "In case of fire, use the stairs." Kutumia ngazi hakuzuii moto. Hapa ni sharti kweli: moto ukitokea, tumia ngazi. Kwa hiyo "in case" yenye sentensi nyuma yake ni tahadhari, na "in case of" yenye nomino nyuma yake, kama ilivyo kwenye mabango, ni "ikitokea".

Ongeza "the" na yanageuka tena. "In the case of" haina tahadhari wala sharti. Ni "kwa upande wa" au "kwa" tu. Niliwahi kupewa nihariri tafsiri ya maelekezo ya dawa. Kiingereza kilisema "in the case of pregnant women, reduce the dose", yaani kwa wajawazito, dozi ipunguzwe. Mfasiri aliandika "ikitokea ujauzito, dozi ipunguzwe". Soma tena kwa macho ya mama mwenye mimba ya miezi mitano. Kwake ujauzito hautokei, umekwisha kutokea, na anaweza kuona maelekezo yale yanawahusu watakaopata mimba wakiwa kwenye dawa. Ile "the" moja iliyorukwa ingeweza kuleta madhara mwilini mwa mtu. Tangu siku hiyo, nikihariri, natafuta kila "in case" iliyomo kwenye waraka na kuikagua moja moja.

Hatua ya tano: misemo ambayo nomino hupotea

Kosa la mfasiri makini ni kutaka kila nomino ya Kiingereza ipate nomino ya Kiswahili. Kwa "case" jaribu kinyume chake: jiulize kama sentensi inakaa vizuri bila nomino. Mara nyingi inakaa. "That is not the case" ni "sivyo". "If that is the case" ni "kama ndivyo". "In that case, let's go" ni "basi twende". "In any case" ni "vyovyote vile". "As is often the case" ni "kama ilivyo mara nyingi". "Case by case" ni "kila jambo kwa hali yake". "A case in point" ni "mfano ulio wazi". Anayeandika "katika kesi hiyo, twende" anaeleweka, ila anaeleweka na wale tu wanaojua Kiingereza, na huo ni upungufu mkubwa kwa maandishi ya Kiswahili.

Ukiwa unaandika Kiingereza, kumbuka "in no case" mwanzoni mwa sentensi hupindua mpangilio: "In no case should you open it." Kitenzi kisaidizi hutangulia mtenda.

Wanaisimu wana "case" yao, ambayo Kiswahili huiita uhusika: namna umbo la neno linavyoonyesha kazi yake katika sentensi. Kiingereza kimebakiza kidogo tu, kama "I" na "me", "he" na "him". Kijerumani kina nne, Kifini kina 15. Ukikutana nayo katika kitabu cha sarufi, hiyo ndiyo.

Yapo pia matusi: "nutcase", "head case", "basket case". Yaelewe ukiyasikia, usiyatumie. Yote humdharau mtu kwa hali ya akili yake au kwa kushindwa kwake kujimudu.

Hatua ya sita: liseme na uliandike

"Case" ina silabi moja, "keis", na "s" ya mwisho haifuatwi na irabu. Ulimi wetu hupenda kuongeza "i". Uuzuie. Wingi, "cases", ndio wenye silabi mbili, "keisiz". Ukisema "keisi" kwa umoja, Mwingereza anaweza kusikia wingi uliokatika.

Ni nomino inayohesabika, kwa hiyo ikiwa umoja haisimami uchi: "a case", "the case", "her case", "this case". Nafasi pekee ya kawaida inapokosa kitangulizi ni ile ya "in case" na misemo kama "case by case". Wanafunzi wengi huandika "he has case". Iandikwe "he has a case", nayo ina maana ana hoja ya msingi. Ukitaka kusema anashtakiwa, Kiingereza hupendelea "he is facing charges". Vitenzi vinavyoambatana nayo jifunze pamoja nayo: kusikiliza ni "hear a case", kufungua ni "file", kushinda ni "win", kutupilia mbali ni "dismiss", na polisi wakifumbua fumbo ni "solve". Katika daftari lako usiandike "case = kesi". Andika sentensi nzima na tafsiri yake nzima.

Hatua ya saba: jipime

Funika tafsiri iliyo chini, ujaribu mwenyewe.

"The doctor has seen three cases this week. In each case the patient had travelled. She keeps her notes in a leather case, and carries spare masks in case she meets another one. Some say the disease has gone. That is not the case. She is making the case for more testing."

Yangu ni hii:

"Daktari amepokea wagonjwa watatu wiki hii. Wote walikuwa wametoka safarini. Maandishi yake huyaweka kwenye mkoba wa ngozi, na hutembea na barakoa za akiba asije akakutana na mwingine. Wapo wanaosema ugonjwa umekwisha. Sivyo. Anachopigania ni watu wapimwe zaidi."

"Case" imetokea mara sita katika Kiingereza, na "kesi" haikuhitajika hata mara moja. "In each case" imeyeyuka ndani ya "wote". "In case" imekuwa "asije". "Making the case" imekuwa kupigania, ingawa "kujenga hoja" nayo ingefaa kwa waraka rasmi. Ikiwa uliandika "visa vitatu" badala ya wagonjwa, si kosa, ila sentensi ya pili ingekudai useme "katika kila kisa mgonjwa alikuwa amesafiri", na umeongeza maneno bila kuongeza maana. Ikiwa uliandika "endapo atakutana na mwingine", rudi hatua ya nne: daktari huyo hasubiri mgonjwa ndipo achukue barakoa, tayari anazo mkononi.